Uvimbe wa maji kwenye ovari: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu tiba

Hakuna swali ninalolisikia mara nyingi kliniki ya wanawake kuliko hili: "Nesi, nina uvimbe kwenye ovari, dawa yake ni ipi?" Na mimi hujibu kwa swali: uvimbe gani? Binti wa miaka 24 na mama wa miaka 58 wanaweza kukaa benchi moja, karatasi zao zote mbili zimeandikwa sentimita 5, wakaondoka na tiba zisizofanana hata chembe. Maswali haya ni yale yanayorudi kila wiki, mengine mlangoni, mengine kwa simu usiku. Jibu likishatolewa mahali, nimeelekeza huko badala ya kulirudia.

## Tuanze na msingi

1. Uvimbe wa maji kwenye ovari ni kitu gani hasa?

Ovari ni kifuko cha mayai. Unazo mbili, moja kila upande wa mfuko wa uzazi. Kila mwezi yai moja hupevuka ndani ya kijifuko cha maji, kijifuko kikakua mpaka milimita 20 hivi, kikapasuka, yai likatoka. Kwa hiyo mwanamke anayepata hedhi kuonekana na maji kwenye ovari ni jambo la kawaida kabisa. Shida huanza kijifuko kinapokataa kupasuka na kuendelea kujaa, au kinapopasuka kisha kikajifunga tena na kujaa maji au damu. Huu tuuite uvimbe wa mzunguko. Ndio mwingi kuliko wote na mara nyingi huondoka wenyewe.

Upo mwingine usiotokana na mzunguko, na huo hauondoki hivihivi. Demoidi huwa na mafuta na nywele ndani, wakati mwingine hata meno, kwa sababu hutokana na chembe za yai zenye uwezo wa kutengeneza kiungo chochote. Watu wakiona picha yake hukimbilia kusema mwanamke amerogwa. Hajarogwa. Kuna "uvimbe wa chokoleti", ambao ni damu nzito ya kahawia inayotokana na endometriosisi, yaani utando unaofanana na wa ndani ya kizazi kuota nje yake. Kuna pia wa maji mepesi au wa ute unaoota kwenye ngozi ya ovari, na ule wa ute unaweza kukua mpaka watu wakadhani ni mimba. Wachache ni saratani.

2. Ni kitu kimoja na faibroidi?

Hapana. Faibroidi, au mayoma, ni nyama iliyoota kwenye ukuta wa kizazi. Ukiambiwa "una uvimbe" bila maelezo zaidi, usiondoke kabla hujauliza uko wapi na ndani yake kuna nini. Nimewahi kukutana na mama aliyemeza dawa za faibroidi miezi 5 huku uvimbe wake ulikuwa demoidi.

3. Karatasi ya utrasaundi inasema nini?

Karatasi hii ndiyo inayoamua karibu kila kitu, kwa hiyo tuitazame kwa utulivu. Kwenye kioo cha mashine, maji huonekana meusi tii. Uvimbe mweusi wote, wenye ukuta mwembamba laini na usio na kitu ndani, huitwa uvimbe wa kawaida. Hiyo ni habari njema. Damu iliyoganda huonekana kama utando wa buibui. Uvimbe wa chokoleti huwa wa kijivu mfululizo, kama kioo chenye ukungu. Demoidi huwa na sehemu nyeupe inayong'aa na kivuli nyuma yake.

Mambo yanayomfanya daktari akunje uso ni haya: nyama iliyoota ndani ya uvimbe, hasa ikionekana damu inapita ndani yake, kuta nene zinazougawa vyumba vingi, uvimbe kwenye ovari zote mbili, na maji yaliyojaa tumboni. Hata moja likiwapo, si hukumu. Linamaanisha tu kwamba kusubiri kwa mazoea hakufai.

Jambo dogo linalosumbua wengi ni kibofu. Kipimo cha kupitia juu ya tumbo hutaka mkojo umejaa, kile cha kupitia ukeni hutaka umekojoa. Cha ukeni huona ovari vizuri zaidi. Kwa ambaye hajawahi kufanya tendo la ndoa, mwambie mpimaji mapema apitishe juu.

4. Dalili zipi ni za kukimbia hospitali usiku huuhuu?

Uvimbe mwingi hauna dalili, unagundulika mtu akipimwa kwa jambo jingine. Ukiwa na dalili, ni uzito chini ya kitovu, tumbo kujaa, kwenda haja ndogo kila mara, au maumivu wakati wa tendo la ndoa. Hayo yanaweza kusubiri asubuhi.

Yasiyosubiri ni maumivu makali ya ghafla upande mmoja, hasa yakiandamana na kutapika. Uvimbe mzito, mara nyingi wa sentimita 5 na kuendelea, unaweza kuifanya ovari ijisokote kwenye shina lake kama nguo inayokamuliwa, damu ikakatika. Maumivu yanaweza kuja, yakaachia, yakarudi. Hapo watu hudanganyika wakasema "imepita". Kimbia pia ukisikia kizunguzungu, kuzimia, homa, au maumivu yanayopanda mpaka begani. Na kama hedhi imechelewa, lazima kipimo cha mimba kifanyike kwanza, maana mimba iliyotunga nje ya kizazi huja na sura hiyohiyo.

## Kusubiri, vidonge na dawa za mtaani

5. Daktari kaniambia nisubiri. Amenipuuza?

Swali hili huulizwa kwa hasira, na ninaelewa. Umepanda daladala mbili, umelipia kipimo, unarudi nyumbani mikono mitupu. Lakini kwa uvimbe wa kawaida kwa mwanamke anayepata hedhi, kusubiri ndiyo tiba yenyewe. Mwingi huisha ndani ya mizunguko 2 au 3.

Mwongozo wa madaktari wa uzazi wa Uingereza, ambao wengi huku pia huutazama, unasema hivi kwa mwanamke ambaye hajakoma hedhi: uvimbe wa kawaida ulio chini ya sentimita 5 kwa kawaida hauhitaji hata kufuatiliwa. Wa sentimita 5 hadi 7 hupimwa tena kila mwaka. Unaozidi 7 huhitaji picha zaidi au upasuaji. Hospitali nyingi zetu hupenda kurudia kipimo baada ya wiki 6 hadi 12 bila kujali ukubwa, na hakuna ubaya. Ila kipimo cha marudio kifanyike siku chache baada ya hedhi kuisha. Ukipimwa katikati ya mwezi, kijifuko kipya cha mwezi huo kitaonekana na utaambiwa uvimbe haujaondoka.

Kusubiri kuna masharti: tarehe ya kurudi iandikwe, na ujue dalili za swali la 4. "Nenda tu, utaisha" bila tarehe, hapo hata mimi ningelalamika.

6. Vidonge vya majira vinayeyusha uvimbe?

Haviyeyushi. Tafiti zilizolinganisha wanawake waliomeza vidonge na wasiomeza hazikuona uvimbe ukiisha mapema kwa waliomeza. Kazi yake ni kuzuia mpya, kwa kuwa vinazuia yai kupevuka. Kwa anayepata uvimbe wa mzunguko mara kwa mara vina maana. Kwa uvimbe wa chokoleti, vidonge hivyo au vile vyenye homoni ya projesteroni peke yake hutuliza maumivu na kupunguza uwezekano wa kurudi baada ya upasuaji. Kwa demoidi havifanyi lolote.

Havimfai kila mtu. Mwenye presha ya juu, aliyewahi kupata damu kuganda mguuni au kwenye mapafu, anayevuta sigara akiwa amepita miaka 35, na mwenye kipandauso cha kuona vimulimuli asipewe vile vya mchanganyiko, yaani vyenye homoni mbili pamoja.

7. Kuna dada anauza dawa ya kusafisha kizazi, na ana ushuhuda na picha za kabla na baada. Si anasema kweli?

Picha zinaweza kuwa za kweli kabisa. Tazama dozi yake lakini: miezi mitatu. Ni muda uleule ambao uvimbe wa mzunguko huchukua kuisha bila mtu kumeza hata maji ya chumvi. Aliyekunywa mchanganyiko wa mizizi anapona, aliyekunywa chai anapona, ila mwenye chai hana wa kumshukuru, kwa hiyo huoni ushuhuda wake. Wale ambao uvimbe wao ulikuwa demoidi au saratani hawarudi kwenye ukurasa wa muuzaji kueleza yaliyowakuta. Wanakuja kwetu.

Zaidi ya hilo, fikiria njia. Ovari ipo ndani ya tumbo. Vile vifurushi vya mitishamba vinavyowekwa ukeni, mvuke, na kitunguu saumu haviifikii. Uchafu "unaotoka" baada ya siku tatu ni ngozi ya uke iliyochubuka pamoja na ute. Tumeona wenye maambukizi na majeraha kwa sababu hiyo. Ukiamua kunywa mitishamba, na najua wengi wataamua, basi mwambie daktari, usikatize tarehe ya kipimo, na usinywe chochote wiki za kuelekea operesheni, kwani baadhi huzidisha kutoka damu.

8. Si waunyonye tu kwa sindano?

Inawezekana, lakini ukuta wa uvimbe hubaki na maji hujaa tena. Na kama ndani kulikuwa na chembe za saratani, sindano inaweza kuzimwaga tumboni. Hufanywa kwa nadra, kwa mfano mgonjwa asiyeweza kustahimili dawa ya usingizi.

9. Maumivu niyatulize vipi nyumbani?

Panado, au ibuprofeni kama huna vidonda vya tumbo, shida ya figo wala mimba. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa husaidia kuliko inavyodhaniwa. Ukifika mahali pa kuhitaji sindano ya maumivu kila siku, rudi upimwe upya.

## Upasuaji

10. Ni lini operesheni haiepukiki?

Ovari ikijisokota, ikivuja damu isiyokoma, uvimbe ukiwa na alama za swali la 3, ukizidi kukua au kudumu, ukiwa mkubwa mno, au ukikunyima raha ya maisha. Demoidi ndogo isiyouma inaweza kufuatiliwa tu, maana hukua polepole sana, lakini kubwa hutolewa kwa hofu ya kujisokota.

11. Matundu madogo au kufungua tumbo?

Kwa matundu, tumbo hujazwa gesi, kamera huingia kitovuni, vifaa kwenye matundu mengine mawili au matatu ya nusu sentimita hadi moja. Maumivu ni kidogo, unaweza kulala siku moja tu, na kazini unarudi baada ya wiki 1 au 2. Kufungua tumbo hukulaza siku kadhaa na kupona kamili ni kama wiki 6. Uvimbe mkubwa sana au unaotiliwa shaka ya saratani hufunguliwa, ili utolewe mzima bila kupasuka.

Matundu yana ubora, lakini ubora huo hutegemea mikono. Muulize daktari bila haya: umefanya ngapi? Kama hospitali ya karibu nawe haina mashine hizo na uvimbe wako hauna haraka, rufaa kwenda hospitali ya kanda au ya taifa ni haki yako. Ovari ikishajisokota, usisafiri kilomita 300 kutafuta matundu. Fungua hapohapo.

12. Watatoa uvimbe peke yake, au na ovari?

Kwa mwanamke anayetaka watoto, lengo ni kuumenya uvimbe na kuibakiza ovari, kama unavyotoa kokwa la embe bila kutupa nyama. Ovari nzima hutolewa ikiwa imeharibika kabisa, ikishukiwa saratani, au mama akiwa amekoma hedhi. Hata iliyojisokota ikawa nyeusi, madaktari wa sasa huisokotoa na kuiacha, kwa sababu nyingi huamka.

Soma fomu ya ridhaa kabla ya kuweka sahihi au dole gumba. Ikiwa imeandikwa "na lolote litakaloonekana linafaa", omba ufafanuliwe na useme wazi usilotaka. Sahihi ni yako, ya mume haiwezi kuchukua nafasi yake.

Anayeogopa operesheni hii nampa kisa cha Jane Todd Crawford wa Kentucky, Marekani. Desemba 1809 daktari Ephraim McDowell alimtoa uvimbe wa ovari wa kilo 10 hivi, juu ya meza ya nyumbani, bila dawa ya usingizi kwa sababu ilikuwa bado haijapatikana. Aliishi hadi 1842. Wewe utapigwa nusu kaputi.

13. Siku za mwanzo baada ya operesheni zikoje?

Asubuhi nesi atakuja na swali moja litakalokuaibisha mbele ya mama mkwe: "Umeshajamba?" Jibu kwa fahari. Hewa ikitoka, utumbo umeamka. Waliofanyiwa kwa matundu hushangaa kuumwa bega. Ni gesi iliyobaki, inachokoza kiwambo kilicho chini ya mapafu, na hutulia baada ya siku mbili tatu. Kuinuka na kutembea mapema huisaidia na huzuia damu kuganda miguuni.

Nyumbani, ndoo ya lita 20 usiiguse wiki 6 kama ulifunguliwa tumbo. Ndugu wakisema "mbona kidonda kimekauka", waambie cha ndani bado. Rudi hospitali ukiona usaha, homa, au tumbo kuvimba na kuuma zaidi kila siku badala ya kupungua.

Jambo moja watu hulisahau: uvimbe uliotolewa lazima upelekwe maabara. Ukionyeshwa kwenye beseni haitoshi. Fuatilia majibu mpaka uyashike mkononi.

14. Ukishatolewa, utarudi?

Wa mzunguko unaweza kuja mwingine maadamu mayai yanapevuka. Wa chokoleti hurudi mara nyingi, ndiyo sababu hupewa vidonge baadaye (swali la 6). Demoidi hurudi kwa nadra, ila kati ya wanawake 100 wenye nayo, 10 hadi 15 huwa nayo pande zote mbili, kwa hiyo upande wa pili uangaliwe.

15. Bima inalipa?

Inategemea bima na kifurushi. Kabla ya tarehe ya operesheni, uliza dirishani mambo matatu: kama kibali cha awali kinahitajika, kama matundu yamo au ni kufungua tu, na kama kipimo cha maabara cha nyama kimejumuishwa. Hicho cha tatu ndicho huwashtua watu mwishoni.

## Uzazi

16. Nitapata mimba?

Uvimbe wa mzunguko hauzuii. Na mwenye ovari moja nzima huendelea kupata hedhi na kushika mimba, maana moja hufanya kazi ya mbili. Wa chokoleti una utata zaidi: ugonjwa wenyewe unapunguza uwezo wa kuzaa, na upasuaji nao huondoka na mayai kadhaa kila unaporudiwa. Kwa hiyo kabla ya kurudia kisu mara ya pili, zungumza na mtaalamu wa uzazi, na mumeo apimwe mbegu. Nimeona dada akipasuliwa mara mbili ndipo mume akapimwa, kumbe mbegu zake zilikuwa hafifu toka mwanzo.

17. Uvimbe umeonekana nikiwa mjamzito.

Mara nyingi ni kile kijifuko kilichotoa yai, ambacho hubaki kutengeneza projesteroni ya kuilinda mimba. Huisha chenyewe karibu na mwisho wa miezi mitatu ya kwanza au baada ya hapo kidogo. Ukibaki ukiwa mkubwa au wa kutiliwa shaka, upasuaji hupangwa baada ya wiki ya 14, wakati hatari kwa mtoto ni ndogo zaidi. Ukijisokota, hauulizi wiki.

18. Nimeambiwa ovari zangu zina "vivimbe vidogo vingi". Nipasuliwe?

Hapana. Hizo ni dalili za PCOS, yaani hali ya homoni za ovari kuvurugika, na vile si vivimbe vya kutoa bali ni vijifuko vya mayai vya milimita 2 hadi 9 vilivyokwama kupevuka. Picha peke yake haitoshi kulipa tatizo jina hilo. Huangaliwa pia hedhi inayopotea na dalili za homoni za kiume, kama ndevu na chunusi sugu. Tiba hufuata unachotaka: kupunguza uzito kwa aliyezidi, vidonge vya majira kupanga hedhi, metformini kwa mwenye shida ya sukari, na letrozoli kwa anayetafuta mtoto.

## Hali za pekee

19. Nimekoma hedhi miaka sita iliyopita, nao umeonekana sasa.

Hapa hatusemi "ni mzunguko", mzunguko haupo. Lakini uvimbe wa kawaida, wa upande mmoja, chini ya sentimita 5, ukiwa na kipimo cha damu cha CA-125 (swali la 20) kilicho sawa, unaweza kufuatiliwa kwa utrasaundi kila baada ya miezi 4 hadi 6 kwa mwaka mmoja. Ukiwa tofauti na hivyo, utolewe, na ikiwezekana na daktari mzoefu wa saratani za wanawake. Operesheni ya kwanza ya saratani ya ovari ikifanywa vibaya, ya pili haiisahihishi kikamilifu.

20. CA-125 yangu imepita 35. Nina kansa?

Si lazima. Kipimo hiki cha damu hupanda kwa endometriosisi, faibroidi, maambukizi ya nyonga, mimba, hata hedhi yenyewe. Na huku kwetu usisahau kifua kikuu cha tumbo: maji tumboni, kukonda, CA-125 ya mamia, kila kitu kikifanana na saratani, na kumbe dawa ya TB ya miezi 6 inamaliza. Kwa mwanamke kijana mwenye uvimbe wa kawaida, heri kipimo hiki kisifanyike kabisa. Kwa aliyekoma hedhi, daktari huzidisha namba yake kwa alama za picha na za kukoma hedhi. Jumla ikipita 200, rufaa.

21. Binti yangu ana miaka 13 na ana uvimbe.

Baada ya kuvunja ungo, uvimbe wa mzunguko ni wa kawaida na jibu la swali la 5 linamhusu. Kabla ya kuvunja ungo, au ukiwa na nyama ndani, apimwe damu zaidi (AFP, hCG na LDH), kwa sababu saratani za umri huo ni za aina tofauti na nyingi hupona vizuri zikiwahiwa. Ovari yake ibakizwe kwa kila njia. Na mtoto wa kike anayelia tumbo na kutapika asipewe dawa ya minyoo akalazwa.

22. Nina vijiti vya uzazi wa mpango mkononi. Vitolewe?

Vijiti vya homoni, na kitanzi chenye homoni, vinaweza kuleta uvimbe wa mzunguko. Kwa kawaida huisha huku kijiti kikiwa palepale. Usikitoe kwa sababu hiyo peke yake. Kitanzi cha shaba hakihusiki.

23. Wanasema uvimbe wangu ulipasuka wenyewe. Bado nahitaji tiba?

Ukipasuka wa maji, mwili huyanyonya. Utaumwa siku chache, dawa ya maumivu inatosha. Ukipasuka wa damu, hasa kwa anayetumia dawa za kuyeyusha damu, unaweza kuvuja sana, kwa hiyo mapigo ya moyo, presha na wingi wa damu hupimwa kwa saa kadhaa kabla hujaruhusiwa. Demoidi ikipasuka, mafuta yake huunguza ndani ya tumbo na hiyo huenda chumba cha upasuaji. Utrasaundi irudiwe baada ya wiki 6 hivi, na uende na karatasi ya kwanza. Mpimaji asiyeiona ya kwanza ataandika tu "ovari ziko sawa", na hutajua kama ule uliopasuka ndio ule.